Uzi, sinia na mtungi: kumpunguza mtoto unene bila kumtia njaa

Kila Januari, siku chache kabla shule hazijafunguliwa, kibanda changu hapa Majengo, Mombasa, hujaa akina mama na watoto wao. Nashona sare. Huu ni mwaka wa 19 kwenye kazi hii, na futi yangu imeona mengi. Zamani mtoto wa miaka minane alikuwa na kiuno cha inchi 22, akizidi sana 24. Siku hizi haupiti msimu bila kuja wa inchi 30, na mama yake husema kwa kicheko, "Fundi, muachie nafasi, huyu ni mtu wa kula." Basi namuachia: inchi moja ubavu huu, moja ubavu ule, nimezikunja ndani.

Mtoto akiwa mdogo hupelekwa kliniki, hupimwa uzito, kijitabu kikajazwa. Akishatimiza miaka mitano kijitabu kinalala kabatini chini ya vyeti. Tangu hapo anayempima ni fundi wa sare, tena mara moja kwa mwaka, na fundi mwenyewe kazi yake ni kuficha.

Niliwafichia wenzangu, kisha nikajifichia mwenyewe. Gauni la shule la binti yangu nililishona kwa mkono wangu na nafasi nikaiacha. Mwezi wa Mei likapasuka ubavuni. Alikuwa na miaka tisa. Alirudi nyumbani amejifunga sweta kiunoni, sweta, Mombasa hii, na hakutaka kulivua hadi nilipomfuata chooni.

Na kabla ya hapo kulikuwa na shingo. Nyuma ya shingo yake ngozi ilikuwa imeingia weusi, nene kidogo, kama mahameli. Mimi nikajua ni jasho na uchafu. Nilimsugua kwa dodoki na sabuni ya kipande mpaka akalia. Nilipompeleka kwa daktari kwa habari ya uzito, kitu cha kwanza alichofanya ni kumwinamisha kichwa akaangalia shingo, kisha kwapa. Akaniambia, "Mama, huu si uchafu." Weusi wa namna ile mara nyingi ni alama kwamba insulini ya mwili, ile homoni inayoshusha sukari kwenye damu, haifanyi kazi sawasawa, kwa hiyo mwili unaitoa kwa wingi kufidia. Nilikumbuka lile dodoki, nikatamani sakafu inimeze.

Yafuatayo ndiyo tuliyoyafanya nyumbani kwetu tangu siku ile. Mimi si daktari. Lakini nilikuwa mtoto mnene, na sasa nimelea mmoja, kwa hiyo njia hii nimeipita mara mbili.

Anza na uzi

Huhitaji mizani. Mimi hata nimeitoa nyumbani, nitasema kwa nini. Chukua uzi mrefu usiovutika. Mtoto awe ametimiza miaka mitano, asimame ukutani bila viatu, visigino vimegusa ukuta. Weka kitabu juu ya kichwa kikiwa kimelala sawa, tia alama ya penseli. Pima uzi kutoka sakafuni hadi kwenye alama, ukate. Huo ndio urefu wake.

Sasa ukunje uzi huo kati kwa kati, uwe nusu. Uzungushe tumboni mwake, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, baada ya kutoa pumzi ya kawaida. Asivute tumbo ndani. Watoto wote huvuta, msubiri acheke. Ncha zikikutana na uzi ukabaki, kiuno chake hakijafika nusu ya urefu wake, na hapo ndipo panapotakiwa. Zisipokutana, nenda kliniki ukamtafute daktari au mtaalamu wa lishe ampime kilo na urefu, aangalie kwenye chati ya umri wake na jinsia yake. Chati ya mtu mzima haimfai mtoto.

Za binti yangu ziliachana kwa upana wa vidole vitatu.

Pima faraghani, mara moja kwa miezi mitatu. Ukipima kila Ijumaa utamtia wazimu, na wewe mwenyewe utapata wazimu.

Kuna mambo usiyoyasubirisha: mtoto akikoroma usiku na pumzi ikikatika kisha akashtuka, akichechemea au kulia nyonga au goti, akinywa maji bila kukoma na kukojoa kila saa, au akinenepa huku urefu umesimama. Hilo la mwisho sikulijua. Daktari aliniambia mtoto anayenenepa kwa kula kwa kawaida pia hurefuka vizuri. Mfupi anayenenepa huenda ana tatizo la homoni, na hapo hata mboga za dunia nzima hazitasaidia.

Kisha akaniambia neno lililonipunguzia mzigo. Hakutaka mtoto apungue kilo. Alitaka kilo zisimame, au zipande polepole, huku urefu ukiendelea. Mtoto wa umri ule hurefuka kama sentimita tano au sita kwa mwaka. Umwachie urefu ufanye kazi yake. Ndiyo maana mizani niliiondoa: namba yake ingetudanganya kila siku kwamba hakuna kilichobadilika.

Halafu yafunge majina

Mimi niliitwa Tipwatipwa. Jina nilipewa na ami yangu kwa mapenzi, mtaa mzima ukalidaka. Nilipofika miaka 11 mama yangu akaamua kunipunguza. Usiku wenzangu wanakula, mimi nawekewa chai ya rangi na kipande cha mkate. Nilichofanya sikumwambia mtu mpaka nilipozeeka: nilikuwa nakwenda kwa jirani kumsaidia kukuna nazi, na ujira wangu ni mahamri. Matatu, manne, nayala nimesimama nyuma ya mlango, haraka haraka, bila hata kuyaonja. Mwaka ule nilinenepa kuliko mwaka wowote.

Kwa hivyo amri ya kwanza nyumbani kwetu haikuwa ya chakula. Ilikuwa: hakuna kumwita mtoto bonge, kibonge, tipwa, ngunguri, wala kumshika shavu mbele ya wageni na kusema amejaa. Hakuna kusema "umekula cha kutosha" yeye peke yake. Na hakuna chakula chake maalumu. Kinachobadilika kinabadilika kwa wote, pamoja na kaka yake ambaye ni mwembamba kama fito, na baba yao, na mimi.

Mavyaa wangu, mama wa mume wangu, ndiye aliyekuwa mtihani. Anaishi nasi, na mkono wake haujawahi kumpita mjukuu mtupu. Nilipomweleza alinitazama kwa muda.

"Wataka kumtia mtoto njaa, mwanangu? Mtoto mnene ni neema."

"La, Mama. Atakula ashibe. Nataka unisaidie, kwa sababu wewe ndiye anayekusikiliza."

Hakujibu. Kesho yake nikampa kazi mbili, za kweli, si za kumpoza. Ya kwanza ni mtungi wa maji. Ya pili ni matunda: yeye ndiye mwenye kisu, yeye ndiye anayekata embe, papai, nanasi saa kumi jioni watoto wakirudi. Mapenzi yake yalikuwa yakipitia kwenye kashata na biskuti. Sasa yanapitia kwenye embe. Bado anamchagulia binti yangu kipande kikubwa, nami nanyamaza.

Vinywaji: hapa ndipo pa kuanzia ukiwa na nguvu ya jambo moja tu

Ukisoma hapa ukachoka ukafunga simu, chukua hili. Soda ya mililita 300 ina sukari kama gramu 32, yaani vijiko vinane vya chai. Baba watoto anaendesha tuktuk, na kila jioni alikuwa akirudi na soda mbili za kugawana. Binti yangu alipata karibu nzima. Juu ya hiyo, chai ya maziwa asubuhi vijiko vitatu, jioni vitatu. Nilipiga hesabu kwenye karatasi ya kukatia: vijiko 14 kwa siku, kabla hajaonja barafu ya njiani wala juisi ya unga. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isipite asilimia 10 ya nguvu anayopata mtu kwa siku, na ikiwa chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Kwa mtoto wa umri wake hiyo asilimia 10 ni vijiko kama 10.

Soda tuliisimamisha siku moja, ghafla. Inabaki ya arusi na Idi. Chai tuliipunguza kidogo kidogo, nusu kijiko kila wiki, na hakuna aliyegundua mpaka tulipofika kijiko kimoja. Mgeni akija sasa, chai yetu huiona kama haijatiwa sukari. Tangawizi na iliki zinasaidia sana hapa, ongeza bila woga.

Na badala yake ni nini? Maji, lakini maji yawe matamu ya kutamanisha. Mavyaa wangu anafukiza mtungi kwa ubani kama walivyofanya wazee wake. Maji yale ni ya baridi bila friji na yana harufu ya nyumba yenye watu. Watoto wanayagombania. Dafu ni zuri mara mojamoja, si kila siku, lina sukari yake. Tunda lile ulilotaka kulisaga, mpe alitafune. Juisi ya machungwa manne inashuka kooni kwa pumzi moja. Jaribu kula machungwa manne uone.

Sinia

Daktari aliniuliza, "Anakula sahani ngapi?" Nikakosa jibu. Sisi twala sinia moja. Kwenye sinia hakuna anayejua amekula kiasi gani: wachota upande wako, mwenzio akikusukumia wali wamaliza, na mchuzi unateremka pale wali ulipolala.

Watu walinishauri nigawe sahani. Nilijaribu siku tatu, nyumba ikawa kama hoteli, kila mtu na simu yake. Nikarudisha sinia, nikabadilisha ramani yake. Nusu nzima ni mboga: mchicha, mabamia, mabiringani, kabeji, na kachumbari nyingi. Robo ni wali au ugali. Robo ni samaki, kunde, maharagwe au kuku. Kila mmoja mbele yake ana mboga kwanza, wali uko katikati, mkono lazima usafiri. Sufuria inabaki jikoni. Televisheni imezimwa.

Akitaka nyongeza anapewa. Hili nilishindana nalo moyoni sana, lakini ndilo lililovunja tabia ya kula kwa kuficha. Ila kabla ya nyongeza anakwenda kutuletea maji, au anasubiri nyanya yake amalize, kwa sababu tumbo huchukua kama dakika 20 kupeleka habari kichwani. Mara nyingi akirudi ameshasahau. Mimi naamua kinachoingia kwenye sinia na saa ya kuliteremsha; yeye anaamua ale kiasi gani. Na ule msemo wetu wa "maliza, usiache hata punje" nimeuacha. Kilichobaki ni kiporo cha kesho.

Nazi sijaiacha, mtu wa Pwani haachi nazi. Nakuna kwenye mbuzi kama kawaida, nakamua, na kasimile, lile tui zito la kwanza, naiweka kando kwa ajili ya mchicha au samaki wa kupaka, tena kwa vijiko, si kwa bakuli. Wali naupikia tui la pili. Wiki ya kwanza baba watoto aliuliza kama nazi zimepanda bei.

Mahamri yalikuwa ya kila asubuhi, sasa ni Ijumaa na Jumapili. Nayapika madogo, na mbaazi naziwahisha mezani dakika kumi kabla, nzito, za kutosha. Mbaazi zina protini na nyuzinyuzi, zinashibisha. Mtoto aliyekwisha kula bakuli la mbaazi hawezi mahamri manne hata umlipe. Siku nyingine ni muhogo au viazi vitamu vya kuchemsha na yai, au uji wa wimbi.

Pesa ya shule ilitutesa. Nje ya lango kuna viazi karai, kachiri, mabuyu, barafu za rangi. Kumkataza kabisa ni kumfundisha kudanganya, mimi najua. Tuliafikiana: siku nne anabeba cha nyumbani, ndizi na kiganja cha njugu zilizokaangwa bila mafuta, na siku moja, Alhamisi, anapewa pesa, anunue apendacho, hakuna atakayemuuliza. Viazi karai vya Alhamisi anavila hadharani pamoja na wenzake, kwa raha, na kimoja kinamtosha kwa sababu hana haraka.

Mwili ucheze

Inatakiwa dakika 60 kwa siku za kutoka jasho kwa watoto wa miaka 5 hadi 17, na angalau siku tatu kwa wiki michezo ya kutia nguvu misuli na mifupa, kama kuruka na kukwea. Si lazima ziwe mfululizo. Sisi tunaishi ghorofa ya tatu na chini ni bodaboda, kwa hiyo uwanja hatuna. Alikuwa akipandishwa tuktuk ya babake hadi madrasa. Sasa anakwenda na kurudi kwa miguu na kaka yake. Hiyo ni dakika 30 tayari. Kamba ya kuruka nilimsukia kwa mabaki ya vitambaa, anaruka darini baada ya alasiri jua likipoa. Jumapili alfajiri, maji yakiwa yamejaa, tunakwenda baharini mapema kabla ya watu, tukiwa na madera yetu, tunaogelea. Yeye mnene anaelea kuliko sisi sote. Ndiyo mara ya kwanza nilimwona akijivunia mwili wake.

Na chakacha. Msicheke. Nikifunga kazi nawasha muziki, najifunga lesso kiunoni, yeye anajifunga yake, na mavyaa anapiga makofi akitukosoa. Robo saa ya chakacha ya kweli, ile ya nyonga, ijaribu ndipo uniambie habari za mazoezi.

Usilipe mazoezi kwa chipsi, wala usimkimbize kwa sababu amekula keki.

Usingizi ulikuwa rahisi kusema na mgumu kutenda. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12. Asiyelala vya kutosha huamka na njaa ya vitamu. Simu zote usiku zinalala kwenye droo ya cherehani, yangu ikiwemo.

Ramadhani ilitupindua

Miezi sita mambo yalikwenda, ukaja mwezi mtukufu. Kaimati, sambusa, katlesi, viazi karai, sharubati, vyote meza moja, na watoto macho hadi saa sita usiku. Uzi wa mwezi ule ulirudi nyuma kidole kizima, nikalia. Mwaka uliofuata tulijipanga. Futari ni tende na maji, kisha uji, kisha chakula kamili chenye mboga. Cha kukaanga ni kimoja kwa siku, watoto wenyewe wanachagua ni kipi, kwa zamu. Sharubati ya ukwaju inabaki, sukari robo. Majirani wakileta sahani tunaipokea kwa shukrani, inakwenda katikati ya sinia kama vingine.

Neno moja kwa haraka: zile chai za kupunguza tumbo na vidonge vinavyouzwa kwenye simu, usimpe mtoto. Nilishawishika, nikamuuliza daktari, akanikatalia kabla sijamaliza swali.

Imechukua karibu miaka miwili. Wiki zilizokwenda vibaya sikuzihesabu. Shingo imeanza kung'aa tena polepole, na hakuna dodoki lililohusika. Januari hii alikuja kibandani na wenzake kupimwa, akasimama kwenye foleni kama mteja. Nilimpima mwisho, watu walipopungua. Gauni la mwaka jana nikaligeuza kuangalia kama litafaa. Ubavuni sikugusa. Nilifumua pindo la chini, inchi mbili, maana limekuwa fupi.